Neno "take" kwenye karatasi ya dawa

Leo tunajifunza neno moja tu la Kiingereza. Neno lenyewe ni "take". Huandikwa hivyo, lakini husomwa "teik". Likihusu jambo lililopita huwa "took", husomwa "tuk". Liko pia "taken", husomwa "teiken". Hilo la mwisho mlikumbuke, maana tutakutana nalo tena.

Mtu atauliza: sisi wa Haneti, wakulima wa mtama na uwele, Kiingereza cha nini? Kusalimiana hatukihitaji. Lakini dawa za dukani nyingi huja na maandishi ya Kiingereza, na maandishi hayo huingia mpaka ndani ya nyumba zetu. Mwaka 1973 watu wengi sana nchini walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Kampeni ile ilisema nasi kwa Kiswahili. Karatasi ya dawa mara nyingi haisemi Kiswahili.

Kwanza tuone maana za kawaida. "Take" ni kuchukua, au kutwaa. "Take this hoe" ni "chukua jembe hili". Lakini ukiambiwa "take this letter to the chairman", hapo maana ni "peleka barua hii kwa mwenyekiti". Sisi tunatenganisha kuchukua na kupeleka, wao hutumia neno lile lile. Kupanda basi ni "take", kupiga picha ni "take", safari ikichukua saa mbili ni "take" pia. Likifuatwa na "off" huwa kuvua, kama kuvua viatu. Basi tusihangaike na yote hayo. Tuingie kwenye dawa, ndiko kwenye jambo lenyewe.

Kwenye dawa, "take" siyo kuchukua. Maana yake ni kunywa au kumeza, yaani dawa ipite mdomoni iende tumboni. Tuseme mzee amenunua vidonge mjini Dodoma. Amefika nyumbani, anamwita kijana wake wa shule.

"Mwanangu, nisomee hapa."

"Imeandikwa 'take', baba. Maana yake chukua."

"Nimekwisha kuichukua! Sasa niifanyeje?"

Kijana hakukosea darasani. Hilo ndilo alilofundishwa. Lakini pale palikuwa pameandikwa "Take 2 tablets", kwa maana ya "kunywa vidonge 2". Mahali pengine huandikwa "2 tablets to be taken". Ni agizo lile lile, ila "take" imevaa nguo nyingine.

Sasa yako maneno ndugu wa "take". "Swallow" ni kumeza. Ikiandikwa "swallow whole", meza kidonge kizima, usikitafune wala usikiponde. "Chew" ni kutafuna; dawa nyingine za minyoo ni za kutafuna kwanza. "Dissolve" ni kuyeyusha. Kidonge cha zinki cha mtoto anayehara huyeyushwa katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama.

Hao ni ndugu. Wako na wengine ambao si ndugu kabisa, na hao ndio wa kuogopa. "Apply" kwenye dawa ni kupaka. (Kwenye mambo ya kazi "apply" ni kuomba, lakini hayo tuyaache.) "Insert" ni kuingiza. Viko vidonge vya kina mama ambavyo huingizwa ukeni, na kwa macho vinafanana na vya kumeza. Mwenye kuviona tu atavimeza. Tena yako maneno "for external use only": ni ya nje ya mwili tu, isinywewe.

Shida inatoka kwetu pia. Kiswahili kina neno moja, "dawa". Ya homa ni dawa, ya kuoshea mifugo kupe watoke ni dawa, ya kunyunyizia mimea ni dawa, ya mswaki ni dawa. Tendo ndilo linalozitenganisha: hii nywa, hii paka, hii ogeshea ng'ombe. Kwa hiyo ukishika chupa, litafute tendo kwanza. Usipoona "take", wala "swallow", wala "chew", usinywe mpaka umeuliza zahanati.

Kisha angalia nyuma ya "take". Kama mbele yake pana "do not", agizo limegeuka: usinywe. "Do not take with milk" ni "usinywe pamoja na maziwa". Sisi wafugaji hili linatuhusu sana. Dawa ya tetrasaikilini ikinywewa na maziwa haifanyi kazi vizuri. Lakini dawa mseto ya malaria, ile ya ALu, hutakiwa kunywewa pamoja na chakula chenye mafuta, na maziwa yanafaa. Kwa hiyo usichukue desturi ya dawa moja ukaipeleka kwa nyingine. "Do not take alcohol" ni usinywe pombe, hata ile ya mtama, mpaka uulize umalize siku ngapi baada ya dawa. Agizo hilo huenda na dawa ya metronidazo.

Hesabu nayo ina mitego. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa 1 x 3. Namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Siyo kidonge 1 kwa siku 3. Na siku ya daktari ina saa 24, usiku ukiwamo, ingawa sisi tunasema "kutwa". "Once a day" ni mara moja kwa siku. Hapo "mara moja" ni hesabu, siyo upesi upesi.

Saa ndizo zinazotuchanganya zaidi. Kiingereza kikisema saa 8 asubuhi, kwetu ni saa 2. Toa 6. Lakini "every 8 hours" ni kila baada ya saa 8, hapo usitoe kitu. ALu ya mtu mzima ni vidonge 4, kisha 4 vingine baada ya saa 8, halafu vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni 24. Homa ikishuka siku ya pili, vilivyobaki bado ni vyako, usimwekee jirani.

MAZOEZI

1. Chupa imeandikwa "Apply to the skin". Je, inywewe?

2. "Take 2 tablets at 8 a.m. and 8 p.m. for 7 days." Kwa saa zetu ni saa ngapi? Vidonge vyote ni vingapi?

3. Sema kwa Kiswahili: "Do not chew. Swallow whole."

Majibu: (1) Hapana, ni ya kupaka ngozi. (2) Saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, vidonge 28. (3) Usitafune. Meza kizima.