Amri ya Saba na Kitenge Kilichochuja

Wapendwa wakatekumeni, Pasaka ikaribiapo wengi wenu mwajiuliza: Siku ya ubatizo wangu nitavaa nini? Kujiuliza hivyo si dhambi. Mtu aendaye arusini hujipamba, na ubatizo wapita arusi yoyote. Lakini sikilizeni mfano huu.

Mama mmoja, mkatekumeni wa kijiji kilicho kati ya Butembo na Beni, aliuza maharage ya msimu mzima, akaenda soko la Butembo kununua kitenge. Muuzaji akamwambia: «Mama, hiki ni cha Uholanzi. Hakichuji kamwe.» Ukingoni mwa nguo palikuwa na maandishi, mama hakuyaelewa, lakini aliyasadiki. Alipokifua mara ya kwanza, maji yakawa mekundu, na maua yote yakafifia. Alirudi sokoni. Muuzaji akamcheka: «Fedha iliyotoka mkononi hairudi.»

Swali: Je, muuzaji huyo ametenda dhambi?

Jibu: Ndiyo, ikiwa alijua. Amesema uwongo, tena ameiba. Watu husema huo ni ujanja wa soko tu. Kanisa halisemi hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yauhesabu udanganyifu wa biashara chini ya amri ya saba, pamoja na kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako. Na kuungama peke yake hakutoshi: yampasa kurudisha. Zakayo alipomkaribisha Bwana Yesu nyumbani mwake hakuishia kusikitika. Aliahidi kuwalipa mara nne wale aliowadhulumu.

Swali: Na ikiwa hakujua?

Jibu: Yawezekana. Bidhaa nyingi za Butembo zatoka viwanda vya Asia, hushushwa bandarini Mombasa, hupita Uganda na kuingia kwetu mpakani Kasindi. Huenda mwenye kibanda naye alidanganywa njiani. Basi hakusema uwongo. Lakini tangu siku ile aliyojua, yampasa kumtendea haki mama yule, na vitenge vilivyobaki asiviite tena vya Uholanzi. Aviuze kwa jina lake na kwa bei yake. Kuuza nguo hafifu si dhambi. Maskini naye avae nini?

Mungu ametupa akili pia, nasi tuitumie. Kitenge cha Uholanzi huitwa waksi, yaani nta, kwa sababu ya namna kinavyotengenezwa. Kiwanda cha Vlisco katika mji wa Helmond kilianzishwa mwaka 1846. Huko nguo hupigwa chapa ya utomvu kama nta, upande huu na upande huu, kisha hutiwa rangi. Pale penye utomvu rangi haiingii. Kwa hiyo ukiigeuza, nyuma yafanana na mbele. Nguo hafifu zilizochapwa upande mmoja huwa na mgongo uliopauka. Maandishi ya ukingoni usiyategemee peke yake, maana nayo huigwa. Lowesha pembe ndogo, uisugue kwa kitambaa cheupe. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kuna bidhaa nyingine ambayo hasara yake haifuliki: mafuta ya kung'arisha ngozi. Mengine yana zebaki, ambayo kwa Kifaransa huitwa mercure. Mengine yana hidrokinoni. Zebaki huharibu figo, na yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hidrokinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha mabaka meusi pale pale mtu alipotafuta weupe. Tena sisi twakaa karibu sana na Ikweta, na rangi yetu nyeusi ni kinga dhidi ya jua. Mkataba wa Minamata, uliotiwa sahihi Japani mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha vipodozi vya namna hiyo vyenye zebaki kupita kiasi kidogo sana. Hapa twaingia katika amri ya tano, kwa maana mwili si mali ya kuharibu. Nawasihi akina baba: binti anayejipaka mafuta hayo mara nyingi amesikia kwenu kwamba mweupe ndiye mzuri. Msimlaumu peke yake.

Tumrudie mama yetu. Alipofika nyumbani, shangazi yake alimpa shauri: «Kitie rangi upya, ukiuze Beni. Huko hawakujui.» Hili ndilo jaribu kubwa, kubwa kupita la sokoni, kwa sababu mtu aliyedhulumiwa hujiona ana haki ya kupumua mgongoni mwa mwingine. Lakini yule wa Beni atakayekinunua naye ameuza maharage.

Mama alikaa nacho sandukuni. Siku ya Mkesha wa Pasaka atavaa nguo yake ya zamani iliyofuliwa, na baada ya kubatizwa atavikwa vazi jeupe kama wenzake.

Jibuni pamoja na katekista wenu: Mama huyo ana mtoto anayedaiwa karo ya shule. Jirani amekiona kitenge, akakipenda, naye hajui habari zake. Je, mama anaweza kumwuzia? Kwa maneno gani, na kwa bei gani?