KISIMA NA CHOO CHA NYUMBANI: MAJI TWAHARA YAWE PIA MAJI SALAMA



  

Ndugu wanafunzi na wazazi, mlango wa maji ni wa mwanzo kabisa katika somo la fiqhi. Hata watoto wetu wadogo wanaweza kutaja aina za maji. Lakini wengi wetu hapa Shinyanga, Kahama na Geita tuna kisima uani, na choo cha shimo hakiko mbali nacho. Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: "Maji ya kisima chetu ni mengi, hayana rangi wala harufu. Si yanafaa?" Ndani ya swali hilo mna maswali mawili, na kila moja lina jibu lake.

1. TWAHARA NA USALAMA

Katika madhehebu ya Imam Shafi (R.A.), maji yakifikia qullatain hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Wengi hukadiria qullatain kuwa lita 200 na kidogo. Tuchukue kisima chenye upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 3. Hesabu yake ni 3.14 × 0.5 × 0.5 × 3 = mita za ujazo 2.355, yaani lita 2,355. Hiyo ni zaidi ya qullatain mara kumi. Pia Abu Daud, Tirmidhi na Nasai wamepokea habari ya kisima cha Budha'a cha Madina, kilichokuwa kikitupiwa uchafu, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa akabainisha kuwa maji yake ni twahara. Basi udhu kwa maji ya kisima chetu unasihi.

Ama kunywa ni suala jingine. Vijidudu vya kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo havibadilishi rangi wala ladha ya maji. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kiliripotiwa Shinyanga, Mwanza na Simiyu. Ugonjwa huu hutoka chooni ukaingia kwenye maji na chakula bila kuacha harufu yoyote. Kipimo cha twahara kinatuambia kuwa tunaweza kusali. Hakituambii kuwa mtoto anaweza kunywa. Hapo inaingia kanuni nyingine ya dini yetu, nayo ni kutodhuru wala kudhuriana. Muislamu anatakiwa atimize yote mawili.

2. CHOO KIWE WAPI?

Wataalamu wa afya hushauri choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa bondeni, na chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini wakati wa masika. Udongo wa kichanga hupitisha maji machafu upesi. Udongo mweusi wa mbuga nao hupasuka wakati wa kiangazi, na mvua za kwanza huteremka na uchafu kupitia nyufa hizo.

Sasa tupige hesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, ukiweka kisima kona moja na choo kona inayoikabili, umbali wake ni mita 28 tu. Kwa hiyo katika mitaa iliyobanana mtu hawezi kukilinda kisima chake peke yake. Choo chako kinaweza kuwa mbali na kisima chako, lakini kikawa hatua kumi kutoka kisima cha jirani. Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama na kujisaidia penye vyanzo vya maji. Shimo linalovuja chini kwa chini hufikisha uchafu uleule kwa njia isiyoonekana. Kabla ya kuchimba choo au kisima, zungumza na majirani wa pande zote. Hiyo ni haki ya jirani.

3. KUKILINDA KISIMA

(i) Kijengewe ukuta wa ndani usiopitisha maji katika mita 3 za juu, na ukingo upande angalau nusu mita juu ya ardhi. Pembeni iwekwe sakafu ya saruji na mfereji wa kupeleka mbali maji yanayomwagika.

(ii) Kiwe na mfuniko wakati wote. Itumike ndoo moja tu ya kutekea, na kamba yake isilazwe chini. Tumefundishwa kufunika vyombo usiku, na kisima ni chombo kikubwa cha nyumba.

(iii) Kufua nguo, kuoga na kunyweshea mifugo kufanyike mbali na kisima.

(iv) Kikiingiwa na mafuriko au mzoga, utolewe mzoga, yatekwe maji yote, kisha itiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha afisa afya.

(v) Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa, kisha yafunikwe. Tukumbuke kuwa maji yakishatekwa kwenye ndoo ni machache kuliko qullatain, na najisi ikiingia humo hayafai tena kwa udhu.

Ndugu zetu wa Shinyanga na Kahama waliofikiwa na bomba la maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, mradi uliozinduliwa mwaka 2009, ni bora wanywe ya bomba na kisima wakiache kwa kufulia na kumwagilia.

4. SHIMO LA CHOO NA KARO

Shimo likibakiza nusu mita kujaa, lifukiwe na lichimbwe jingine. Karo linyonywe na gari la majitaka kabla tope halijafika theluthi ya kina chake. Kulifungulia mtaroni usiku mvua inaponyesha ni kuwapelekea wengine maradhi.

Jambo zito zaidi ni hewa. Ndani ya karo na kisima kirefu hewa inaweza kuwa ya sumu au kukosa oksijeni, na pampu ya petroli ikiwashwa ndani ya kisima hutoa moshi unaoua. Mtu akianguka humo, usishuke kumfuata. Wapo wanaokufa wawili au watatu kwa sababu kila mmoja alimfuata mwenzake. Piteni kelele, pigeni simu ya Zimamoto namba 114.

5. SISI WA UKANDA WA DHAHABU

Baadhi ya miamba yenye dhahabu ina arseniki, na uchunguzi umeikuta katika baadhi ya vyanzo vya maji vya ukanda wetu. Wachimbaji wadogo nao hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Shinyanga ni miongoni mwa mikoa yenye floridi nyingi ardhini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 za arseniki na miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Sumu hizi haziondoki kwa kuchemsha. Maji hupungua sufuriani, sumu hubaki. Dawa yake ni kupima. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji, mojawapo ikiwa Shinyanga. Kaya chache zikichangiana zinaweza kupeleka sampuli. Tusichenjue dhahabu uani, tusimwage marudio karibu na kisima, wala tusigeuze duara la zamani kuwa choo, kwani duara huweza kufika moja kwa moja kwenye maji.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kisima cha upana wa mita 1 kina maji ya kina cha sentimita 20. Je, yamefikia qullatain?
2. Taja vitu viwili vinavyodhuru ambavyo havibadilishi rangi ya maji.
3. Pima kwa hatua umbali kutoka kisima chenu hadi choo chenu, kisha hadi choo cha jirani. Mweleze mzazi wako ulichokiona.