Kutahirika Si Kupona

Fahamu ya kuwa nifasi, katika madhehebu ya Imamu Shafii, uchache wake ni kitambo kidogo, ghalibu yake siku 40, na wingi wake siku 60. Damu ikikatika siku ya 15, mwanamke huoga na kusali, hangoji arobaini. Lakini kutahirika si kupona. Wako waume wa Kariakoo ambao, wamwonapo mke juu ya msala, humrudishia ndoo za maji kuzipandisha ghorofani. Hiyo ni dhuluma. Mwache alale mtoto alalapo, anywe uji, akandwe kwa maji ya vuguvugu. Ya kuunguza huchubua ngozi, wala hayasafishi tumbo. Na damu ikizidi ghafula, usingoje asubuhi: mpeleke hospitali, Amana au Muhimbili, saa ile ile.