Mwanangu Anatafuta Picha Chafu Kwenye Simu Niliyompa

Shangazi,

Mwanangu wa kwanza ana miaka 11, yuko darasa la sita. Nilimpa simu yangu ya zamani atafutie masomo jioni nikiwa bado sokoni. Juzi niliishika nikakuta ameandika kwenye Google maneno ya kutafuta picha za wanawake walio uchi. Nilitetemeka, sijamwambia kitu mpaka leo. Fundi simu wa mtaani anasema nimpe shilingi 20,000 aweke programu ya siri nione kila anachofungua. Baba yake ni dereva wa malori, anarudi Ijumaa, na namjua: akisikia ni fimbo, na simu itapondwa. Nitaifungaje simu hii? Na baba yake nimwambie?

Mama mwenye hofu, Morogoro

Pole kwa mshtuko.

La fundi ndilo la haraka. Usimpe hela wala simu. Programu ya kupeleleza iliyowekwa na mtu baki yaweza kumwachia naye njia ya kuona picha na ujumbe wa mtoto wako, na unachokihitaji kinapatikana bure.

Kisha tuitazame simu yenyewe. Umesema ilikuwa yako, kwa hiyo nadhani akaunti yako ya Google bado imo. Kama ndivyo, kijana anatafuta kwa jina lako, na Google inamhesabu mtu mzima. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilianza kuwawashia Utafutaji Salama wenye akaunti walio chini ya miaka 18, yaani matokeo ya ngono huchujwa yasionekane. Mtu mzima hapati hivyo. Tangu 2023 yeye picha za namna hiyo hufunikwa tu kwa ukungu, na anayetaka kuziona anagusa, ukungu unaondoka. Hata ukiingia kwenye mipangilio ukachagua kuchuja kila kitu, mtoto anaweza kurudisha ilivyokuwa, au akafungua ukurasa wa faragha ambao haubebi akaunti ya mtu yeyote.

Kwa hiyo mfungulie akaunti yake mwenyewe, yenye tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Pakua Family Link kwenye simu unayotumia sasa. Ni programu ya Google kwa ajili ya wazazi, na ndimo utakamofungua akaunti hiyo. Hamisha picha zako kutoka simu ya zamani, ondoa akaunti yako, ndipo uifute irudi kama ilivyotoka dukani. Usipoiondoa kwanza, simu itakapowaka inaweza kukudai nywila ya akaunti hiyo, na wengi hukwama hapo. Ukishaiwasha, ingiza akaunti ya mtoto peke yake. Kuanzia hapo Utafutaji Salama utaushika wewe, yeye hawezi kuuzima, na kivinjari cha Chrome hakitampa ukurasa wa faragha. Weka pia sharti kwamba programu mpya zipite kwako, na uzuie zisizotoka Play Store, kwa sababu kivinjari kingine alichorushiwa na rafiki kinaweza kutafuta bila akaunti yake. Ukimaliza, fungua ukurasa wa Utafutaji Salama kwenye simu yake. Ukiona alama ya kufuli, umefanikiwa.

Na simu yako je? Najua usiku ataiazima. Kama ni Android 9 au ya baadaye, ingia Mipangilio, sehemu ya mtandao, utafute DNS ya Faragha, uandike family.adguard-dns.com. Huduma hiyo huzuia tovuti za ngono na kulazimisha Google itoe matokeo yaliyochujwa, uwe kwenye bando au Wi-Fi. Udhaifu wake ni kwamba yeyote anayejua njia ya mipangilio anaweza kuifuta, na programu ya VPN inaweza kuikwepa. Kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Sitakuficha mpaka wa haya yote. Kichujio cha Google kinasimamia matokeo ya kutafuta tu. Picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp hakiioni, wala video iliyo kwenye simu ya mtoto wa jirani. Huko mwanao atakuwa na kichwa chake tu, na ndiyo maana nakuomba useme naye leo, kabla ya kufunga chochote. Usiifunge kwa siri. Mwambie umeona, humchukii, na kwamba zile picha hutengenezwa na watu wazima kwa ajili ya biashara, hazimfundishi mtu namna watu wanavyopendana. Mweleze utakachofunga na sababu yake. Kisha muulize alitaka kujua nini. Mtoto wa miaka 11 mwili unaanza kumbadilika, na zamani jando lilikuwa na wazee wa kumjibu. Siku hizi wengi wetu tumenyamaza, naye akaiuliza Google. Kama una kaka mtulivu, mpe mjomba kazi hiyo. Yapo maswali ambayo mvulana hatamwuliza mama.

Baba yake mwambie, tena mpigie kabla hajafika, akiwa ameegesha gari. Mweleze ulichoona na ulichokwisha kufanya. Mkumbushe kwamba kijana akichapwa kwa hili, siku mtu mzima atakapomtumia picha mbaya au kumtaka atume yake, hatawaambia. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko picha alizozitafuta. Simu ikipondwa, ataazima ya mwenzake isiyo na kufuli lolote.

Ukikwama popote, niandikie unitajie aina ya simu na namba ya Android yake. Utaiona mwishoni mwa Mipangilio, penye maelezo kuhusu simu.

Shangazi