Ukishampa, Usimkimbie

Wadogo zangu, sogeeni. Barua nyingi nilizosoma mwezi huu zinauliza jambo lile lile: Dada, hivi ukimpa hela mtu anayelala barabarani, au ukamtafutia hata chumba, unamsaidia au unazidi kumharibu? Mmoja ameuliza kwa hasira, maana elfu tano aliyoitoa iliishia kilabuni. Mwingine ameuliza kwa uchungu. Na mwingine, namwona kabisa, anataka nimruhusu afunge kioo cha gari pale kwenye mataa bila moyo kumsuta. Simruhusu. Lakini simgombezi sana, maana ni wengi wanaojifanya wanasoma simu mtu akigonga dirisha, kisha usiku wanalala macho.

Niwaambie ninachoamini. Kunasaidia. Hela inasaidia, paa linasaidia zaidi, na vyote vinasaidia hata kabla mtu hajaacha ulevi wake. Kinachoharibu ni kutoa halafu ukatoweka. Hilo nitalirudia leo mpaka mnichoke.

Tuanze na hofu yenu kubwa, ile ya "ataenda kuinywa". Mwaka 2018, huko Vancouver nchini Kanada, shirika moja likishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia liliwapa watu 50 wasio na makazi dola 7,500 za Kanada kila mmoja, kwa mkupuo, wakatumie watakavyo. Wengine 65 hawakupewa, ila walifuatiliwa vilevile kwa mwaka mzima. Watafiti hao waliwauliza pia Wamarekani zaidi ya elfu moja wakisie mambo yatakavyokuwa, nao wakakisia kama ninyi: pombe, sigara na dawa za kulevya. Hawakupatia. Waliopewa hawakutumia zaidi kwenye ulevi kuliko wenzao. Walilipa kodi, wakanunua chakula, wakalipa nauli, na kwa wastani siku zao za kukosa makazi mwaka ule zikapungua kwa 99. Siku 99, mdogo wangu, ni zaidi ya miezi mitatu ya kutolala juu ya boksi na viatu umeviweka chini ya kichwa visiibwe.

Ila usikimbie na nusu ya habari. Watu wale walichaguliwa. Walikuwa hawajamaliza miaka miwili bila makazi, na waliozama sana katika ulevi au ugonjwa wa akili hawakuchukuliwa. Kwa hiyo usinitie maneno mdomoni ukasema Dada kasema mwaga hela tu. Nimesema mtu aliyeanguka karibuni, akiwahiwa, huinuka na hela yake anaitumia kama wewe unavyotumia yako. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: aliyenyeshewa na masika usiku kucha anajua anachokihitaji kuliko wewe uliyekuwa ndani umejifunika blanketi.

Na yule aliyezama je? Twende Monrovia, Liberia, nchi iliyotoka vitani. Kuanzia mwaka 2009 watafiti walifanya kazi na wanaume 999 wa mitaani, wezi, wauza unga, vijana ambao ukiwaona unabadilisha njia. Wakagawanywa makundi manne kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa dola 200 za Marekani. Kundi jingine lilipewa mafunzo ya wiki nane ya kutuliza hasira na kujitazama upya. La tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Waliopewa hela peke yake hawakuimalizia kwenye ulevi kama mnavyodhani. Walikula, walivaa, walianzisha vibiashara, lakini baada ya mwaka nafuu ile ilikuwa imeyeyuka. Waliopata mafunzo peke yake nao walibadilika, kisha wengi wakarudi nyuma. Waliopata vyote viwili ndio walioshika njia, na walipotembelewa tena baada ya miaka kumi, wizi na uhalifu mwingine kwao ulikuwa karibu nusu ya ule wa wenzao ambao hawakupata kitu.

Mimi katika habari ile nimevutwa na jinsi mafunzo yenyewe yalivyokuwa. Waliowafundisha wengine walikuwa vijana wa mitaani zamani, au wapiganaji, watu wasioweza kudanganywa. Waliwapa wenzao kazi ya kufanya: nyoa nywele, oga, vaa nguo safi, ingia benki, simama mbele ya karani umuulize habari za akaunti. Siku ambazo hakukuwa na darasa, walimu waliwafuata walipolala na walipofanya kazi kuwajulia hali. Fikiria kijana ambaye kwa miaka amekuwa akifukuzwa mlangoni na mlinzi, leo anaingia, anaitwa "kaka", anajibiwa kwa adabu. Hakuna noti inayoweza kumpa mtu hisia ile. Lakini bila noti mfukoni asingekuwa na sababu ya kurudi benki. Vinakwenda pamoja, na mkiviachanisha msije kulalamika kwangu.

Sasa nyumba. Hapa ndipo mnaponishinda kwa methali: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mnaitoa haraka kweli, mnataka aache kwanza pombe, atafute kwanza kazi, ndipo astahili chumba. Hebu isomeni vizuri, wadogo zangu. Siku mbili za kwanza mgeni analala na anakula bila kuulizwa kitu. Jembe linakuja siku ya tatu, akiwa ameshiba na amepumzika. Ninyi mnampa jembe mlangoni, tena usiku.

Hata wenzetu wa nchi tajiri walifanya kosa hilo kwa miaka mingi: onyesha kwanza kwamba umepona, ndipo upewe nyumba. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis, huko New York, aliligeuza jambo hilo. Aliwachukua watu wagonjwa wa akili waliokuwa wakilala nje, wengi wao walevi, akawapa kwanza chumba chao chenye ufunguo, kisha wahudumu wakawa wanawafuata huko huko. Wengi wao, wale ambao kila mtu alisema hawawezi kukaa ndani, walikaa, wakakaa miaka. Ufini ikaufanya utaratibu huo kuwa sera ya taifa mwaka 2008. Pale Helsinki bweni moja la Jeshi la Wokovu lililokuwa na vitanda karibu 250 liligeuzwa kuwa vyumba vinavyojitegemea visivyofika mia, kila mtu na jiko lake na mlango wake. Na msidhani ni sadaka ya bure. Mpangaji anatia sahihi mkataba na analipa kodi, akipungukiwa serikali humjazia, na wahudumu wako ngazi chache kutoka mlangoni pake. Katika miaka ya 1980 nchi ile ilikuwa na watu wapatao elfu kumi na nane wasio na makazi. Mwaka 2023 hawakufika elfu nne.

Lakini nisiwafiche. Kanada walifanya jaribio kubwa katika miji mitano, kati ya mwaka 2009 na 2013, kwa watu kama elfu mbili wenye ugonjwa wa akili. Waliopewa nyumba walikaa ndani kwa utulivu kuliko wenzao kwa mbali sana. Ulevi wao, hata hivyo, haukupungua kuliko wa wale ambao hawakupewa. Nyumba inamtoa mtu nje, haimtoi kwenye chupa. Ukimpa mtu chumba ukitarajia kesho yake aamke mlokole, utamchukia bure, naye atajua kwamba umemchukia.

Ndiyo maana nataka niseme na wewe mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu yule mama. Ulimlipia chumba Mbagala, kodi ya miezi sita kama mwenye nyumba alivyotaka, ukanunua godoro na ndoo mbili. Mwezi wa tatu ukamkuta amekaa pale pale Posta ulipomtoa, na mtoto mgongoni. Umeandika "amenidharau". Hapana, mpenzi wangu. Ulimuuliza anakula wapi? Riziki yake iko Posta na wewe umempeleka Mbagala, nauli ya kwenda na kurudi imeshamaliza alichopata. Luku ya nyumba nzima inachangwa, na yeye siku hiyo hana. Majirani wameshajua ametoka wapi, wakiibiwa sufuria macho yote yanageukia mlango wake. Usiku kumekuwa kimya mno. Kule barabarani walikuwa wanne wakilindana, huku yuko peke yake na kuta, hana hata wa kumwambia kwamba mtoto amechemka. Wapo ambao, wakianza kulala ndani baada ya miaka ya nje, hulala sakafuni na mlango wazi, kitanda wanakitazama tu. Mzazi hatolewi hospitali akaachwa mlangoni na kichanga chake. Kuna wa kumkanda, kuna uji, kuna arobaini. Na mtu anayeanza kukaa ndani anahitaji arobaini yake.

Wala si yule mama peke yake. Mwaka 2009 serikali ya Kenya iliwahamisha wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, ikawapeleka kwenye maghorofa ya Lang'ata, ili mtaa wao ujengwe upya. Maghorofa yale yaliwekewa maji na umeme. Na bado walikuwepo walioamua kupangisha vyumba vyao kwa watu wenye uwezo zaidi, wakarudi kwenye mabati. Watu wakawaita wajinga. Mtu mwenye bili ya umeme na maji kila mwezi, ambaye kipato chake ni cha leo hadi leo, akipiga hesabu anaona kodi ya kile chumba ndiyo itakayomlisha. Hiyo ni hesabu ya njaa, na njaa haikosei kujumlisha. Ukimpa mtu nyumba bila kumpa na njia ya kuikaa, umempa kitu cha kuuza.

Kuna jambo linaniudhi na lazima niliseme. Hii tabia ya kwenda na kamera. Unampa mzee kilo mbili za unga, unamshikia simu usoni, unamwambia "sema asante". Kesho wajukuu zake wanamwona mitandaoni, kijiji kizima kinamwona. Kutoa ni moyo, na moyo hauna haja ya shahidi. Acheni, wadogo zangu. Umaskini wa mtu si mali yako ya kuonyesha.

Kwa watoto, nabadilisha sauti, nisikilizeni. Yote niliyosema kuhusu kumpa mtu hela mkononi yanahusu watu wazima. Mtoto wa miaka tisa anayegonga kioo chako, ile mia tano mara nyingi si yake. Kuna mkubwa amekaa kivulini anaisubiri, au kuna chupa ya gundi. Ukimpa kila siku, kesho ataletwa tena. Mnunulie chakula ale ukimwona, muulize jina, kisha piga 116, namba ya msaada kwa watoto, Tanzania ni hiyo na Kenya ni hiyo, haitozwi kitu. Au mwone afisa ustawi wa jamii wa kata yako, usimwache mpaka akupe jibu. Kenya walipohesabu watu wa mitaani mwaka 2018 walipata 46,639, na ndani ya hesabu hiyo zimo familia, wazazi na watoto wao waliozaliwa huko huko. Mtoto wa namna hiyo ukimpeleka kituoni ukamwacha mama barabarani, atatoroka amfuate, na nani amlaumu?

Basi mnifanyie hivi. Kikundi chenu cha vikoba mnakutana kila wiki, mnachangiana harusi na misiba. Chagueni mtu mmoja tu, mmoja, msitake kuokoa mji. Muulizeni yeye anataka kukaa wapi, karibu na riziki yake. Nendeni naye kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa apate barua ya utambulisho, muanze kufuatilia kitambulisho cha NIDA, maana bila hicho hata laini ya simu haisajiliwi kwa jina lake, na bila laini hela yake itapitia mkononi mwa mtu mwingine daima. Lipeni kodi. Mwachieni na kianzio mkononi, atumie anavyoona, msimdai risiti ya nyanya. Pangeni zamu ya kumtembelea, Jumanne huyu, Jumamosi yule, na mkimkuta amelewa msigeuke mlangoni. Kaeni, ulizeni habari ya mtoto.

Na wewe wa yule mama, kodi ya miezi uliyolipa bado haijaisha. Nenda Posta kesho asubuhi, ukae naye hapo chini, umuulize kama ufunguo bado anao.