SOMO LA FIZIKI: MNARA WA TAA MBELE YA MWEZI MPEVU



Wengi wetu tumekwisha kuona picha ya mnara wa taa, ule unaoonyesha meli njia usiku, na nyuma yake mwezi mkubwa sana. Wengine wanasema: «Ni uongo, wamebandika picha mbili.» Wengine: «Hapana, ni apareyi ya bei kali.» Nani ana haki? Hesabu ya kugawanya inatosha kukata neno hili.

1. Kipimo cha mwezi

Upana wa mwezi ni km 3 474. Umbali wake na sisi ni karibu km 384 400. Gawanya: unapata karibu 110. Ni kusema, kitu kinaonekana sawa na mwezi kama uko mbali nacho mara 110 ya kipimo chake. Sarafu ya sm 2, mwenzako akiishika mbele yako kwa m 2,20, inafunika mwezi kamili. Watu husema mwezi ukichomoza uko mkubwa kuliko ukiwa juu. Jaribu na sarafu ile ile saa zote mbili: ni macho yanatudanganya.

2. Mahali pa kusimama

Tutwae mnara wa Île Vierge, katika Bretagne, kule Ufaransa. Uliwashwa mwaka 1902. Urefu wake ni m 82,5. Katika Ulaya hakuna mnara wa taa wa mawe unaoupita.

— Ukiwa m 550 kutoka mnara, mwezi unalingana na m 5 tu za mnara.
— Ukiwa km 4,5, mwezi ni karibu nusu ya mnara.
— Ukiwa m 9 075, mwezi na mnara ni sawa.

Basi mwezi haukukua. Ni mnara uliopungua, sababu mpiga picha alirudi nyuma.

Na lenzi je? Gawanya mm zake kwa 110. Lenzi ya mm 50 inaweka kwenye filimu mwezi wa mm 0,45, doa tu. Ya mm 500 inaweka mm 4,5. Lakini inakuza mwezi na mnara pamoja. Ulinganifu wao haiugeuzi. Ule unapatikana kwa miguu.

3. Saa na mwanga

Mwezi mpevu unaangaziwa na jua, kwa hiyo unang'aa sawa jiwe la mchana. Mnara ni giza. Ukipimia mnara, mwezi unakuwa sahani nyeupe tupu. Ukipimia mwezi, mnara unakuwa kivuli cheusi. Dawa ni kuchagua jioni. Mwezi mpevu huchomoza karibu na saa ya jua kuzama, na siku iliyotangulia huchomoza mapema kidogo: mnara bado una mwanga. Tena fanya upesi. Kila dakika mbili mwezi unasogea upana wake mzima. Apareyi ikae juu ya miguu mitatu, isitikisike.

4. Kukata neno

Picha ikionyesha mawe ya mlangoni kwa karibu, na mwezi mrefu sawa na mnara mzima, imebandikwa. Ikiwa imepigwa toka mbali, inaweza kuwa ya kweli. Tusihukumu kabla ya kupima.

Maswali

a) Mti wa maembe una m 12. Usimame wapi ili ulingane na mwezi?
b) Katika picha, mwezi ni robo ya mnara wa m 20. Mpiga picha alikuwa umbali gani?