Mbwa Wako, Kamba Yako na Jirani Yako

Katika miji mingi ya nchi yetu mbwa yuko, lakini ni miji michache tu ambamo mbwa huyo ana mwenyewe. Usiku mwizi akifukuzwa, kila mtu wa mji husema, "Mbwa wetu ni hodari." Asubuhi mtoto wa jirani akiumwa njiani, watu wale wale husema, "Huyo si wetu, alikuja tu." Basi somo la leo ni la kujibu swali moja: mtu akisema mbwa ni wake, amejitwika nini?

Somo limegawanywa katika mafungu matano, na mwishoni pana maswali ambayo wasomaji waweza kuulizana nyumbani au shuleni.

1. Asili ya mbwa na malezi yake

Wenye elimu wamethibitisha kwamba mbwa ametokana na mbwa mwitu wa nchi za kaskazini, na kwamba amekaa pamoja na wanadamu kwa zaidi ya miaka 14,000. Katika asili hiyo amebaki na tabia mbili ambazo yafaa kila mfugaji azijue. Kwanza, hapendi kuwa peke yake. Ataka kuwa na wenzake, na kama hana mbwa wenzake, watu wa nyumbani ndio wenzake. Pili, kitu kinachomkimbia humwamsha hamu ya kukifukuza, kiwe kuku, baiskeli au mtoto anayetoka shuleni.

Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho yake hufumbuka yapata majuma mawili baada ya kuzaliwa. Tangu juma la tatu hadi juma la kumi na mbili hivi ndio wakati ajifunzapo ni vitu gani vya kuzoea na ni vitu gani vya kuogopa. Akiona watoto, wageni, ng'ombe na magari wakati huo, naye asidhuriwe, atavizoea maisha yake yote. Lakini akifungiwa gizani nyuma ya ghala, atakua akiogopa kila kitu kigeni, na mbwa mwenye hofu ndiye aumaye upesi. Kwa hiyo haifai kumwondoa kwa mama yake kabla ya majuma manane, wala haifai kumficha baada ya hapo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mbwa ni vivyo hivyo.

2. Lugha ya mbwa

Mbwa hana maneno, lakini mwili wake wasema. Watu wengi hudhani kwamba kila mbwa anayetikisa mkia anafurahi. Sivyo. Mkia ulioinuka juu, wenye kutikisika kidogo kidogo huku mwili umekakamaa, ni dalili ya mbwa aliye tayari kupigana. Mbwa mwenye furaha hulegeza mwili wote, na mkia huenda huku na huku pamoja na kiuno.

Mbwa aliyeingiza mkia katikati ya miguu, akalaza masikio nyuma na kugeuza uso, anaogopa. Usimkaribie wala usimzingire pembeni. Mbwa aliyesimamisha manyoya ya mgongoni, akakaza macho na kunguruma, anakuonya. Nguruma hiyo ina faida kubwa, kwa sababu ni kama kengele: yakupa nafasi ya kuondoka. Mtu anayemchapa mbwa wake kwa sababu amenguruma ameondoa kengele na kuacha hofu ndani. Siku nyingine atauma bila kutangaza.

Watoto wafundishwe mambo haya mapema. Wasimguse mbwa alaye, alalaye, au anyonyeshaye. Mbwa asiyejulikana akiwajia, wasikimbie wala wasipige kelele, bali wasimame wima kama mti, mikono ikiwa imeshushwa, macho yakitazama chini. Mbwa atanusa, kisha mara nyingi ataenda zake. Mtoto akiangushwa, na ajikunje kama mpira, afunike shingo na masikio kwa mikono yake.

3. Kumfundisha

Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa jinsi chakula kisagwavyo tumboni, aligundua jambo ambalo limewasaidia sana wafundishaji wa mbwa. Aliona kwamba mbwa wakisikia sauti fulani kila mara kabla ya kulishwa, baadaye mate huwatoka kwa sauti hiyo peke yake, hata chakula kisipokuwapo. Maana yake ni kwamba mbwa huunganisha mambo mawili yanayofuatana upesi.

Hapa ndipo wafugaji wengi wakosapo. Mbwa ametoroka tangu asubuhi. Jioni anarudi, na bwana wake ampiga fimbo kwa kutoroka. Lakini mbwa haunganishi fimbo hiyo na kosa la asubuhi. Aiunganisha na jambo alilolitenda sasa hivi, yaani kurudi nyumbani. Kesho akiitwa hatakuja. Kwa sababu hiyo, mbwa ajaye alipoitwa asipigwe kamwe, hata kama amekawia.

Mwalimu wa mbwa na ashike kanuni hizi. Chagua maneno machache, kama vile "Njoo", "Kaa", na "Acha", na watu wote wa nyumbani wayatumie hayo hayo. Mbwa akitii, mpe tuzo mara moja, kipande kidogo cha ugali au mfupa laini, pamoja na sauti ya upole. Fundisha dakika chache tu, mara mbili au tatu kwa siku. Desturi ya kumpa mbwa pilipili au kumfungia gizani ili awe mkali ni ukatili, nayo haimfanyi mlinzi mwema, maana mbwa aliyetiwa wazimu hachagui kati ya mwizi na mtoto wa nyumbani.

4. Kamba na mnyororo

Kamba ya kuongozea na mnyororo wa kufungia ni vitu viwili, navyo visichanganywe. Kamba ni ya safari. Yafaa iwe imara, urefu wake kama mita moja na nusu au mbili, nayo ifungwe katika ukanda wa shingoni ambao vidole viwili vyaweza kupita chini yake. Ukanda ukiwa umelegea mno, mbwa atachomoa kichwa. Ukiwa umekaza mno, utamkata shingo.

Mbwa mgeni wa kamba huvuta mbele. Wengi wetu huvuta nyuma, na hapo pana mashindano ambayo mbwa mwenye nguvu atashinda. Njia iliyo bora ni hii: kamba ikikazika, simama. Usivute, usiseme neno. Mbwa akigeuka au akirudi hatua moja na kamba ikalegea, msifu na mwende tena. Safari ya kwanza yaweza kuchukua nusu saa kufika kwenye lango, lakini baada ya siku kadhaa mbwa ataelewa kwamba kuvuta humsimamisha na kulegeza humpeleka aendako.

Sokoni, kituo cha basi, karibu na shule au penye mifugo ya watu, kamba isiachwe hata kama mbwa wako ni mpole. Jirani yako hajui upole huo, wala hana wajibu wa kuujua. Na usimpe mtoto mdogo kamba ya mbwa anayemzidi nguvu.

Mnyororo nao ni jambo jingine. Mbwa afungwaye mchana kutwa mahali pamoja, juani, bila maji, huzidi kuwa mkali, kwa sababu akiogopa hana pa kukimbilia, bali hubaki na meno yake tu. Aliye na uwezo na ajenge ua. Asiye na uwezo na amfunge kwa muda mfupi, kivulini, penye maji, kisha amtembeze kila siku.

5. Kichaa cha mbwa

Sasa tumefika kwenye sababu kubwa ya somo hili. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja pembeni mwa Nairobi. Serikali ilipoanzisha mpango wa kukimaliza, wa miaka ya 2014 hadi 2030, ilikadiriwa kwamba ugonjwa huu uliua watu kama 2,000 katika Kenya kila mwaka. Ulimwenguni pote wanakadiriwa kuwa 59,000, na watu 4 katika kila 10 wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa.

Ugonjwa huu hukaa katika mate. Ukiingia jerahani huenda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu kabla ya dalili kuonekana. Dalili zikisha kuonekana, mgonjwa karibu hakosi kufa. Lakini kabla ya dalili, dawa ipo. Mnamo tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa siku mbili kabla, na mvulana huyo akapona.

Si kila mbwa mgonjwa huwa mkali. Wengine hupooza: taya hulegea, mate humwagika, na sauti hubadilika. Mwenyewe hudhani kwamba mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kinywani kuutoa. Usifanye hivyo kamwe. Mwite mganga wa mifugo.

Mtu akiumwa au akiparuzwa, kwanza aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15 kamili. Asipake majivu, mafuta wala pilipili. Halafu aende hospitali siku hiyo hiyo, na akianzishiwa sindano azimalize zote kwa tarehe alizopewa, hata kama kidonda kimepona. Asiingoje habari ya mbwa. Mbwa naye, akiwa aweza kukamatwa kwa salama, afungiwe na kutazamwa siku 10. Akifa au akilazimika kuuawa, asipigwe kichwani, kwa maana ugonjwa huchunguzwa katika ubongo. Na mganga wa mifugo aarifiwe.

Kinga yenyewe ni rahisi. Mbwa huchanjwa atimizapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ikiwa katika kila mbwa 10 wa mahali 7 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hukoma. Mwenye mbwa na aitunze kadi ya chanjo kama atunzavyo kadi ya kliniki ya mtoto wake.

Ndugu zetu wa pwani, ambao wengi wao ni Waislamu, pengine watasema somo hili haliwahusu kwa kuwa hawaingizi mbwa nyumbani. Lakini dini yao imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Na hata asiyefuga mbwa kabisa ana watoto wapitao njiani. Basi jambo hili ni la mtaa mzima.

Kwa hiyo tumjibu aliyeuliza. Mtu akisema mbwa ni wake, amejitwika chakula na maji, chanjo ya kila mwaka, mafundisho, kamba njiani, na watoto wa mbwa watakaozaliwa, ambao asipowatafutia wenyewe watakuwa mbwa koko wa kesho. Asiyeweza hayo, heri aweke kufuli zuri mlangoni.

Maswali

1. Kwa nini haifai kumpiga mbwa anayerudi nyumbani?
2. Taja dalili mbili za mbwa anayeogopa na mbili za mbwa anayeonya.
3. Kamba ikikazika, mwenye mbwa afanye nini?
4. Jeraha la meno ya mbwa lioshwe kwa nini, na kwa muda gani?
5. Mbwa amelegea taya na kutokwa mate. Kwa nini usitie mkono kinywani mwake?
6. Hesabu mbwa wa mtaa wako. Wangapi wana kadi ya chanjo? Je, wafika 7 katika kila 10?